Nasema "sawa kaka" usiku, asubuhi timu ndo inalipa

Shikamoo Mjomba,

Naomba jina langu usilitaje na kampuni pia usiitaje, maana mjini hapa watu wa softiwea tunajuana wote.

Mimi ni binti wa miaka 29, niko Dar, nafanya kazi kwenye kampuni ndogo, tuko 11 tu ukijumlisha na mhasibu na dada wa usafi. Tunatengeneza mfumo wa SACCOS, yani hisa, akiba, mikopo, wadhamini, marejesho na lile gawio la mwisho wa mwaka. Timu yangu ina madevelopa wanne wa kuandika programu na testa mmoja wa kuijaribu. Kwenye karatasi mimi ni skramu masta, yani msimamizi wa ule utaratibu wa kazi unaoitwa Skramu, ila ukweli ni kwamba na programu naandika, na wateja wakipiga simu napokea mimi.

Tunaenda kwa sprinti, yani awamu fupi za kazi, za wiki mbili. Jumatatu tunakaa tunapanga, tunakubaliana tiketi zipi, yani kazi moja moja zilizoandikwa, zinaingia na kila mtu anachukua zake, tunatoka hapo tuna amani kabisa. Ikifika Jumatano amani imeisha. Bosi ndo prodakti ona wetu, yani mwenye kuamua kitengenezwe nini, anakutana na wateja huko nje, akirudi ana kitu kipya. Sio mtu mbaya Mjomba, naomba unielewe hapo. Alinipokea field nikiwa mwaka wa tatu chuo, akanipa laptop yake ya zamani, baba alipofariki alisafiri mpaka Singida kuja kuzika. Sasa mtu kama huyo akinitumia voisi noti saa nne usiku, "sista hiki kitu ni kidogo tu, vijana watamalizia kesho", mimi namjibuje? Namjibu sawa kaka. Kila mara.

Nikuelezee sprinti iliyopita ndo utaelewa. Lengo letu lilikuwa kumaliza tiketi 14, kubwa kuliko zote ikiwa marejesho ya mkopo kwa simu, yani mwanachama akilipa kwa simu, salio la mkopo wake lishuke lenyewe bila karani kuandika. Jumatano usiku bosi akataka ripoti ya hisa kwa kila tawi, kuna mteja Dodoma ana mkutano mkuu Jumamosi. Tukaifanya. Ijumaa mteja wa Morogoro akanipigia mwenyewe, fomu ya mkopo ina nafasi ya wadhamini wawili wao wanataka watatu, nikaona ni kazi ya nusu saa nikaiingiza, ikala siku nzima maana mdhamini yupo mpaka kwenye mkataba unaochapishwa. Jumatatu ya wiki ya pili bosi akaja mwenyewe mezani, kuna mteja mpya anakaribia kusaini ila riba yao ni ya salio linalopungua, inapigwa kwenye deni lililobaki, na sisi tuna ile ya moja kwa moja tu, inayopigwa kwenye mkopo wote. Katikati ya hayo yote mmoja wa vijana wangu nae akaamua kubadilisha muonekano wa ukurasa wa mwanachama, anasema ulikuwa mbaya.

Ili tusichelewe nikaamua baadhi ya vitu vya marejesho ya simu tuvisogeze sprinti ijayo. Kimojawapo ni ukaguzi wa namba ya muamala. Taarifa ya malipo ikitumwa kwetu na mfumo wetu ukachelewa kujibu, inatumwa tena, sasa bila kukagua namba ya muamala mfumo unaona malipo mawili. Nilijua Mjomba. Nilijua kabisa nikasema itakuwa mara chache, na testa akapewa nusu siku ya kutesti kila kitu. Tukadiploi, yani tukawaachia wateja watumie, Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi wanachama 63 rejesho limeingia mara mbili, kuna mwalimu mmoja katumiwa meseji hongera umemaliza mkopo wakati bado miezi miwili. Mwenyekiti wa SACCOS alipiga simu anatetemeka.

Kwenye kikao bosi akauliza nani kaandika hii. Dogo wetu, ana miezi saba tu kazini, akasema ni mimi. Na ni kweli msimbo ni wake, lakini uamuzi wa kuacha ukaguzi ulikuwa wangu, na nilikaa kimya. Tangu siku hiyo hanisemeshi zaidi ya salamu. Nimesikia anatuma maombi ya kazi kwingine.

Sasa timu imekuja juu, wanasema skramu inakataza mtu kugusa sprinti ikishaanza, wanataka nifunge mlango, chochote kipya kisubiri. Bosi nae anasema ajaili, ile falsafa ya kutengeneza mifumo kidogo kidogo ambayo skramu imo ndani yake, maana yake ni kukubali mabadiliko, nyie mnataka ajaili ya vitabuni wakati mishahara inatoka kwa wateja. Mimi nimeanza kuongeza siku kimyakimya, tiketi ya siku mbili naiandika siku nne ili vya bosi vikija viwe na pa kukaa. Inasaidia kidogo ila najisikia mwongo.

Nifunge mlango nionekane sina shukrani, au niendelee hivi hivi mpaka timu iishe? Au niondoke tu mwenyewe? Nishauri Mjomba wangu, usingizi sina.

Skramu masta aliyechoka

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole ya mzee pia hata kama muda umepita.

Mimi nimekaa kwenye kazi hizi za mifumo miaka mingi, na hiyo Ijumaa yako nimeipitia kwa sura nyingine, kwahiyo sikusomi kama mtu wa nje. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi. Nilifanya kitu kimoja tu, nikahesabu. Kwenye ile sprinti vimeingia vitu vinne vipya. Viwili vya bosi. Kimoja umeingiza wewe mwenyewe baada ya simu ya Morogoro, na kimoja kaingiza kijana wako bila kumuuliza mtu. Kwahiyo tunaposema tatizo ni bosi anabadilisha mambo katikati, ni nusu ya hesabu. Sikusemi vibaya, nataka uone kwamba huo mlango timu inaotaka uufunge una funguo tatu na mbili ziko ndani ya ofisi yenu.

Halafu kuna huu ubishi wa kitabu kinasema nini. Bosi ana haki kwa sehemu. Wale watu 17 waliokutana milimani Utah, Marekani, mwaka 2001 wakaandika tamko la ajaili, waliandika wazi kwamba mabadiliko ya mahitaji yapokelewe hata kazi ikiwa imeshafika mbali. Na vijana wako nao wana haki kwa sehemu, maana mwongozo wa Skramu, nasemea toleo la 2020, unasema ndani ya sprinti yasifanyike mabadiliko yatakayohatarisha lengo la sprinti. Ila mwongozo huohuo unaendelea kusema kwamba wigo wa kazi unaweza kufafanuliwa na kujadiliwa upya na prodakti ona kadiri mnavyojifunza zaidi. Kinacholindwa pale ni lengo. Orodha ya tiketi haijalindwa hata kidogo.

Sasa rudi kwenye barua yako uone ulivyoandika. "Lengo letu lilikuwa kumaliza tiketi 14." Mama, hilo ni hesabu ya mizigo, lengo halijatajwa hapo. Na nadhani hapa ndo shida ilipojificha, kwasababu kama lengo ni tiketi 14 basi tiketi zote zina uzito sawa, huwezi kusema hiki kinahatarisha na hiki hakihatarishi, kila kipya ni usumbufu tu na kila kilichoachwa ni kimoja kati ya 14. Ungeandika ukutani "mwanachama akilipa kwa simu salio lake lishuke mara moja na kwa usahihi", ule ukaguzi wa namba ya muamala usingeweza kusogezwa, si ndo usahihi wenyewe? Ungeweza kusogeza vitu vingine kumi pale na hakuna mtu angelia. Sisemi hilo lingezuia kila kitu. Nasema lingekupa cha kushika mkononi siku ya Jumatano.

Na hivi vinavyoitwa vidogo. Nimesikia neno "kidogo" mara mbili kwenye barua, la bosi na la kwako la nusu saa. Chukua ile riba. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 12 kwa mwaka, ya moja kwa moja mwanachama analipa riba 144,000. Ukiipeleka kwenye salio linalopungua, analipa mtaji 100,000 kila mwezi, riba mwezi wa kwanza 12,000, wa pili 11,000, mpaka mwezi wa mwisho 1,000, jumla inakuja 78,000. Kwa maneno ya mteja ni kubadilisha aina ya riba tu. Kwako ni ratiba ya marejesho, ni risiti, ni anayelipa kabla ya muda, ni anayechelewa, ni ripoti za mwisho wa mwezi, na ni swali la mikopo ya zamani ibaki ilivyokuwa au ifuate mpya. Bosi anajua hayo? Nakuuliza kweli. Umeshawahi kumwambia, hata mara moja, kwamba ile ripoti ya Dodoma imekula nini? Maana kwenye barua yako sijaona sehemu umemwambia bei. Nimeona sawa kaka. Mtu akiagiza kitu mara kumi na mara zote kumi akaletewa bila bili, ataamini ni bure na hatakuwa amekosea kuamini hivyo.

Hapo naomba niguse kitu ambacho kitauma kidogo. Unaniambia huwezi kumkatalia kwasababu ya laptop na ya Singida. Nimeelewa, na mtu aliyekuja kumzika baba yako usimsahau. Lakini deni hilo ni lako, na unalilipa kwa usiku wa watoto wa watu. Dogo hakuzikiwa baba yake na bosi. Testa aliyepewa nusu siku hakupewa laptop. Jiulize pia kama bosi mwenyewe anajua kwamba unalipa deni, au yeye anaona tu ana kiongozi wa timu mzuri ambaye kila kitu kwake kinawezekana. Mimi naona kuna uwezekano mkubwa yeye alishasahau hata hiyo laptop.

Tuje kwenye la kufunga mlango. Linavutia na kwa timu iliyochoka linaleta pumzi, wiki mbili za kwanza mtafurahi sana. Hofu yangu ni mbili. Kwanza bosi anayezuiwa mlangoni atapita dirishani, atamtumia dogo meseji binafsi, na dogo wa miezi saba hatamkatalia mwenye kampuni, sasa mabadiliko yataendelea na wewe huyaoni. Pili kuna vitu havisubiri kweli. Unakumbuka 2021, tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Waliokuwa na mifumo inayokokotoa makato hawakuwa na uhuru wa kusema subirini tumalize sprinti. Mkutano mkuu wa Jumamosi nao ni wa namna hiyo, tarehe imeshapangwa, wanachama wameshaitwa. Ila mkutano mkuu wa SACCOS haupangwi Jumatano kwa ajili ya Jumamosi, wanachama wanapewa taarifa mapema, kwahiyo huyo mteja alijua zamani na kuna mtu hakumuuliza. Ningekuwa wewe ningelifuatilia hilo kabla ya kulia na sprinti, pengine nusu ya dharura zenu ni tarehe ambazo hakuna aliyeziandika mahali.

Wengine huwa wanabadilishana, kikiingia kimoja kinatoka kimoja cha ukubwa uleule, na anayechagua cha kutoka ni prodakti ona mwenyewe, mbele ya ubao, mchana, na timu ikiwepo. Mimi nimeipenda njia hii kwa miaka mingi kwasababu inamrudishia mwenye maamuzi uamuzi wake. Lakini ina mitego. Siku ya pili ya sprinti kubadilishana ni rahisi, siku ya nane kila kitu kimeshafika nusu, ukitoa unatupa kazi ya mtu, na developa aliyetolewa kwenye kitu kigumu akarudishwa baada ya siku mbili anaanza tena kujikumbusha alifikia wapi. Na jiandae, bosi anaweza kukuambia vyote vibaki. Hapo utafanyaje? Ukikubali, umerudi kulekule kwenye sawa kaka, safari hii mbele ya timu.

Kuna ya kuacha nafasi wazi tangu Jumatatu, mnajua dharura zitakuja basi mnapanga kazi pungufu, na hii mwanangu unaifanya tayari, tofauti yako ni kwamba umeificha. Ile siku mbili kuwa nne. Nimekuelewa ulikofikia mpaka ukafanya hivyo na sikuhukumu, ila angalia inakufanyia nini. Nafasi iliyofichwa huwezi kuitetea mezani, bosi akikuuliza mbona tiketi ndogo inachukua siku nne utasema nini, na siku akigundua atashuka bei kila namba utakayompa hata ile ya kweli. Nafasi ileile ikiwa wazi ina jina, mfano siku moja na nusu ya kila mtu kwa ajili ya yatakayoibuka, ikiisha imeisha na kila mtu anaona imeisha. Hatari yake ni kwamba anayewahi ndo anaila, Jumanne mteja mwenye kelele kashaimaliza na Alhamisi linakuja la maana halina pa kukaa.

Kuhusu sprinti za wiki moja, nimewaza kwa ajili yenu. Bosi akisikia subiri siku tatu ni tofauti na kusikia subiri siku kumi, wengi wanatulia. Ila mna testa mmoja, na kila wiki kuwa na kupanga, kuonyesha na kudiploi kwa mtu mmoja wa kutesti ni mzigo. Au muachane na sprinti kabisa mwende kwa Kanbani, ule utaratibu wenye mizizi Toyota, kazi inaingia muda wowote ila idadi ya zinazofanyika kwa wakati mmoja ina kikomo, hakuna kuanza kipya kabla hamjamaliza kilichopo. Kwa timu inayojenga huku inahudumia wateja kwenye simu inafaa, nimeona ikifanya kazi. Nimeona pia timu ikiita Kanbani kile ambacho ni fujo ya jana bila vikao, kwasababu kikomo hakuna aliyekisimamia. Anayesimamia ingekuwa wewe, na tumerudi kwenye lile lile neno lako la saa nne usiku.

Kwahiyo kabla hujachagua utaratibu, mimi ningejaribu kitu kidogo zaidi. Voisi noti ikija usiku usijibu sawa na usijibu hapana. Jibu "nimeipata kaka, asubuhi kikao chetu kifupi cha stendap kikiisha nitakuambia kitatoka nini ili hiki kiingie." Basi, ulale. Haumkatalii, unamwambia bili inakuja. Yule wa Morogoro nae akipiga, maneno ni yaleyale, na kijana mwenye kutaka kupamba kurasa atengeneze tiketi iende kwenye foleni kama za wengine. Kisha muombe bosi saa moja ya mchana, nje ya ofisi mkiweza, na uende na sprinti zako tatu za mwisho kwenye karatasi moja: kilichopangwa, kilichoingia katikati, nani kakileta, na kipi kiliachwa kwa ajili yake. Hicho cha wewe kuingiza kiandike na chenyewe, kwa mkono wako. Usimfundishe Skramu siku hiyo, mwache aisome karatasi. Inawezekana akashtuka akawa upande wako. Inawezekana pia akakasirika au akasema biashara ndo ilivyo, na hapo utajua kitu ambacho leo hukijui, na suala lako la kuondoka utaliwaza ukiwa na taarifa badala ya uchovu. Kuondoka leo sikukatazi, ila sehemu unayokwenda nako kuna voisi noti.

Lakini hiyo karatasi ya bosi naiweka ya pili. La kwanza ni dogo. Amebeba kitu chako mbele ya kikao na wewe ulikuwepo. Hana shida ya kujua Skramu inasemaje, anachojua ni kwamba kiongozi wake alikaa kimya. Mtafute kabla wiki haijaisha, mkanywe chai mahali, umwambie ulivyoniambia mimi, nilijua na nikaamua tuache. Na akikuuliza kama utayasema hayohayo mbele ya bosi na wenzake, uwe umeshajua jibu lako kabla hujatoka nyumbani, maana atauliza. Anaweza akaondoka hata baada ya hapo, ana haki hiyo.

Wale wanachama 63, nimeona umeandika habari zao kwa mstari mmoja. Salio limesharudishwa sawa? Na yule mwalimu aliyetumiwa hongera, kuna mtu amempigia akamweleza? Niandikie ukishapata nafasi, hilo nalo nataka kulijua.

Mjomba wako